Nasaba Tukufu ya Kirusi cha Kuhara

Anayetafuta mkazi wa nchi hii mwenye karatasi kamili asipange foleni ya kitambulisho. Akitazame kirusi cha rota. Tangu Ruth Bishop na wenzake wakione Melbourne mwaka 1973 katika matumbo ya watoto wagonjwa, kimepewa vitambulisho viwili: G kwa protini ya ganda lake, P kwa protini ya miiba yake. Ukitajiwa G1P[8] umeshatajiwa ukoo wa baba na wa mama. Jeni zake zimegawanyika vipande 11, na virusi viwili vya koo tofauti vikikutana katika utumbo wa mtoto mmoja hubadilishana vipande kama magari yanayobadilishiwa spea gereji moja. Asubuhi linatoka gari jipya. Hata hapo hakuna udanganyifu, maana kila spea ina namba ya gari ilikotoka. Kamati ya kimataifa ya kuainisha virusi imekipa jina la Kilatini, Rotavirus alphagastroenteritidis, refu kuliko foleni ya kisimani. Sifa nyingine ni ndogondogo: hakibagui, hakichelewi, hakingoji mwaliko.

Ila kwa uadilifu, kirusi kingine cha kuhara, noro, kinakizidi. Noro ya binadamu huzaana ndani ya mwili wa binadamu, kwa hiyo ikikutwa mtoni hakuna haja ya kuunda tume: choo kimeingia mtoni. Watafiti walipopima maji ya mito ya Kibera mwaka 2012 na 2013 walikuta aina ya GII.17 ndiyo iliyotawala. Kufikia majira ya baridi ya 2014 na 2015, tawi la aina hiyohiyo lilikuwa likiwatapisha watu China na Japani. Ni mkaguzi gani wa hesabu aliyewahi kutoa ripoti iliyonyooka hivyo, tena bila posho? Na ripoti ikafanywa nini? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inaahidi maji safi na salama ya kutosha. Kirusi kina faili hadi herufi ya mwisho ya jeni. Bomba lililopasuka halina hata namba.

Atatokea wa kusema bomba linaonewa, kwa kuwa kabla ya chanjo karibu kila mtoto wa Ulaya na Marekani aliambukizwa rota kabla ya miaka mitano, na mfereji ulikuwa jikoni. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba chanjo iliyoingia Kenya Julai 2014 imepunguza sana watoto wanaolazwa, ingawa kule Kilifi G2P[4] na G3P[8] zilijitokeza zaidi baadaye. Lakini kinachoua ni kukaukiwa na maji mwilini, na dawa yake, ile pakiti ya chumvi na sukari, inadai kitu kimoja kabla ya kufunguliwa: maji safi. Longonot, ambako antena zilianza kunasa mawimbi ya setilaiti mwaka 1970, maji huja kwa mkokoteni wa punda, ndani ya mitungi iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, mdomo umezibwa kwa gunzi la mahindi. Warsha za kuyajadili maji hayo hazikosi. Huwa hotelini, na mbele ya kila mjumbe kuna chupa ya maji ya dukani, kizibo bado kimefungwa.