Mwimbaji Asiyejua L

Siku hiyo nilitakiwa kushuka Magomeni. Nilichosikia ni konda akipiga kelele, "Mwisho wa gari, braza!" Nikainua macho: Kimara. Lawama zote ziende kwenye vidole gumba vyangu, vilivyokuwa vimezama kwenye PSP. Pembetatu, mduara, msalaba na mraba vinaruka kutoka kila kona ya kioo, nawe ubonyeze kitufe chake pale pale mdundo unapotua. Ukichelewa kidogo tu, umeharibu wimbo. Ukipitiliza kituo, hilo ni lako na nauli yako.

Mchezo wenyewe ni Project DIVA, Sega waliutoa mwaka 2009, na anayeimba humo ni Hatsune Miku, binti wa miaka 16 mwenye mikia miwili mirefu ya nywele za samawati. Tena ana miaka 16 tangu alipotoka Agosti 2007. Mimi tangu wakati huo nimeota kitambi na mvi tatu. Yeye hata kucha haijakatika.

Miku si mtu, ni programu. Kampuni ya Crypton ya Sapporo ilichukua sauti ya mwigizaji Saki Fujita, ikaikatakata vipande vya silabi, ikavitia kwenye mashine ya kuimba ya Yamaha iitwayo Vocaloid. Wewe unapanga noti, chini ya kila noti unaandika silabi, naye anaimba bila kudai maji ya uvuguvugu. Hapo ndipo akili yangu ilipoharibika. Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Nikajiambia: huyu ni wa kwetu, kakosa cheti cha kuzaliwa tu.

Basi kamati ya kumuaga binti wa shangazi ikaishiwa hela ya bendi. Nikanyoosha mkono. Wiki mbili nzima nililala saa nane usiku nikitunga wimbo wa kukaribisha wageni.

Nilichosahau ni kimoja: Kijapani hakina L. Kina sauti moja tu ya upande huo, na ukimpa Miku "la" anakurudishia "ra". Chumbani, kwa spika za kompyuta, sikuona tatizo. Mtunzi hasikii wimbo wake, anasikia alichokusudia.

Ukumbini spika zilikuwa kubwa kama kabati. Bibi harusi mtarajiwa anaingia kwa madaha, Miku akamwita "ruru yetu". Watu wakatazamana. Kisha kikaja kiitikio, nilichokuwa nimekirudia mara nane kwa ufundi wangu mwenyewe: wageni wote, karibuni kura! Njooni kura, kura ni tere!

Mzee mmoja wa meza ya mbele akamgeukia mjomba: "Hii ni shughuli au kampeni? Nani anagombea?"

Shangazi akanijia mbio nikadhani nakwisha. Kumbe yeye alikuwa na swali jingine.

"Mwanangu, huyo binti anayeimba ni mtu wa wapi?"

"Wa Sapporo, shangazi."

"Ndiyo wapi huko?"

"Kaskazini." Sikudanganya, Sapporo iko kaskazini mwa Japani.

"Aa, basi. Watu wa kaskazini ndivyo wanavyosema. Lakini sauti anayo!"

Miku alipofanya onyesho Tokyo tarehe 9 Machi 2010, picha yake ilitokea kwenye kioo angavu, na ukumbi mzima ukapunga vijiti vya taa. Shangazi yangu ni mtu wa taarabu, hajui vijiti. Alifungua pochi, akachomoa noti ya elfu kumi, akaenda mbele kwa mwendo wa kujidai akimtafuta mwimbaji amtunze. Hakumwona. Akazunguka spika mara mbili, akachungulia nyuma ya pazia, mwisho akaibandika noti kwenye kioo cha kompyuta yangu, akarudi kucheza.

Ile elfu kumi ninayo mimi. Miku hajaiulizia.