Mfuniko Usiofaa kwa Michembe

Mfuniko wa usalama wa bwawa la kuogelea ni kitambaa kizito kinachotandazwa na kukazwa juu ya bwawa wakati halitumiki, ili mtoto, mlevi au mbuzi atakayekatiza juu yake asizame. Hutofautiana na mfuniko wa kawaida, ambao kazi yake ni kuzuia takataka na kupunguza maji yanayopotea kwa kugeuka mvuke, katika jambo moja ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini, nalo ni kwamba mfuniko wa kawaida haubebi mtu. Ile karatasi ya plastiki yenye vipovu vya hewa, inayoelea juu ya maji na kuyatunzia joto, yaweza kuwa hatari kuliko bwawa lililo wazi, kwa sababu anayeikanyaga hudhani amepata pa kusimama, kisha karatasi humviringisha na kumficha hata aliye ukingoni asimwone.

Katika mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, neno bwawa lenyewe huhitaji ufafanuzi kabla ya mfuniko kuagizwa. Kwa mfugaji, maji yaliyozuiwa kwa ajili ya mifugo ni lambo, nalo halifunikwi kwa kuwa ng'ombe hajajifunza kunywa kupitia turubai. Kwa mtu wa mgodini, bwawa ni mahali panapotunzwa tope lililobaki baada ya dhahabu kutolewa, na hakuna anayefikiria kuoga humo. Bwawa la tatu, la buluu, lenye ngazi ya chuma inayochoma mikono ifikapo saa saba mchana, ni la nyumba ya wageni, na fundi anayeambiwa alifunike hana kosa akiuliza kwanza linanywesha ng'ombe wangapi.

Sababu ya kulifunika ni nzito kuliko swali hilo. Mtoto huzama kimya kimya, katika muda usiotosha kupokea simu na kuuliza habari za nyumbani kwa utaratibu wa Kisukuma, ambao hauna haraka. Ufaransa, kwa sheria ya mwezi Januari 2003, iliwataka wenye mabwawa binafsi yaliyochimbwa ardhini kuweka kimojawapo kati ya uzio, kengele, banda na mfuniko. Marekani nako kuna kiwango cha mwaka 1991 kinachotaka mfuniko wa bwawa pana ubebe takriban kilo 220, yaani watu wazima wawili na mtoto mmoja, kwa kuwa aliyezama hufuatwa na waokoaji wasiopima uzito wao kwanza. Kilo hizo hazipishani sana na za ng'ombe wa kienyeji, jambo ambalo waandishi wa kiwango hicho hawakulitaja, pengine kwa kutowahi kuishi Usukumani.

Kuna pia hoja ya maji yenyewe. Bwawa la mita kumi kwa tano, lenye kina cha wastani cha mita moja na nusu, hubeba lita 75,000, ambazo ni ndoo 3,750 za lita ishirini, na katika nchi kavu ambako maji ya bomba husafirishwa kutoka Ziwa Victoria, kwenye chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi, si adabu kuyaachia jua. Kina kikipungua kwa milimita tano tu kwa siku, zimekwenda ndoo kumi na mbili na nusu, na jirani mwenye madumu hupiga hesabu hiyo kwa sauti.

Mfuniko wa usalama haununuliwi kwa kukisia, kwa kuwa kitambaa hupaswa kupita ukingo kwa karibu sentimita thelathini kila upande, kikashikwa kwa mikanda, springi na vishikizo vya shaba vilivyozamishwa katika zege. Bwawa la pembe nne hupimika kwa urahisi. Lenye umbo la figo, ambalo wajenzi hulipenda kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha kwamba wamelipindisha, hupimwa kwa pembetatu, yaani alama mbili huwekwa nje ya bwawa na kila nukta ya ukingo hupimwa umbali wake kutoka alama zote mbili. Bwawa ambalo mwandishi wa insha hii aliachiwa na shemeji yake alisimamie, mjini Kahama, lilipimwa kwa futikamba iliyokatika sentimita kumi za mwanzo, huku mmoja akisoma inchi na mwenzake akiandika sentimita. Mchoro uliopatikana ulifanana na Ziwa Victoria, pamoja na Ghuba ya Speke.

Ardhi nayo ina maoni yake. Udongo mweusi wa mbuga, ambao Wasukuma huutofautisha na luseni, yaani ule wa kichanga, huvimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, hivyo zege lililomwagwa juu yake huinuka na kushuka, na vishikizo vilivyopangwa kwa mstari mwezi Machi hukutwa Septemba kila kimoja kikitazama upande wake.

Hata hivyo, adui mkubwa wa mfuniko katika ukanda huu si udongo wala mtoto mtundu, ni manufaa yake. Kitambaa kipana, kigumu na safi, kilicholala juani bila kazi inayoonekana, ni uchokozi kwa jamii inayokausha chakula chake. Mfuniko wa kwanza wa bwawa lile la Kahama, uliokuwa turubai zito lisilopitisha maji, ulianza kwa kuazimwa siku mbili kwa ajili ya mpunga, ukaenda msibani ambako hakuna binadamu angethubutu kuudai, kisha ukaonekana harusini ukiwa umepambwa kwa maua. Uliporudi ulikuwa na matundu ya nguzo, na mvua ya kwanza ikauwekea dimbwi juu yake, kinyume kabisa cha kusudi, kwa kuwa kiwango kilekile cha kilo 220 hutaka maji yasituame juu ya mfuniko, maana mtoto huweza kuzama hata katika maji machache.

Wataalamu hupendekeza basi mfuniko wa wavu mgumu unaopitisha mvua, na mwandishi aliukubali kwa imani kwamba hakuna mpunga utakaokaa juu ya wavu. Hakufikiria michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa hadi vikauke, ambavyo hupenda hewa ipite chini pia, na wala hakufikiria dagaa wa ziwani. Asubuhi ya tatu wavu ulikuwa mweupe kutoka pembe hadi pembe, na mama aliyekuwa akivigeuza vipande alimwamkia mwandishi kwa heshima zote, akausifu ufumaji wa wavu, akauliza, "Shemeji, mwingine kama huu unauzwa wapi?"

Ilibidi fundi aitwe aukaze mfuniko kwa nguvu isiyo ya kawaida, uweze kutolewa tu kwa ufunguo wa pembe sita ambao yeye peke yake angeutunza, ili ombi lolote lijibiwe kwa ukweli kwamba ufunguo haupo. Wiki iliyofuata zilifika habari za rashi, yaani eneo ambako dhahabu imeonekana na watu wanakimbilia, upande wa Geita, na fundi akaondoka usiku akiwa na sururu, godoro na mfuko wake wa zana. Simu yake haipatikani. Bwawa limefunikwa barabara, mikanda imekaza kama ngozi ya ngoma, maji hayapungui, na tangu siku hiyo hakuna aliyezama wala aliyeogelea, ingawa michembe ya msimu huu, kwa maelezo ya majirani, imekauka vizuri kuliko ya miaka yote.