Namba ya Siri Inayojulikana Mtaa Mzima

Somo la TEHAMA limenivurugia nyumba. Binti yangu wa darasa la tano karudi na daftari lenye kompyuta ya penseli, imekamilika na kibodi na waya. Ndiyo kompyuta pekee aliyoigusa muhula huu. Ile halisi ya shule imefungiwa ofisini chini ya kitambaa cha maua, vumbi la Kahama lisiipate. Masharti ya usalama, hata hivyo, kayakariri yote: usimpe mtu nywila, usibonyeze kiungo usichokijua, usimjibu usiyemfahamu.

Na anayatekeleza, balaa ndiyo hiyo. Juzi kabadili nywila ya simu yangu. Kumuuliza, ananijibu kwa adabu zote, "Baba, mwalimu kasema tusimwambie mtu yeyote." Simu nimenunua mimi, bando naweka mimi, kuifungua naomba kibali!

Sasa nauliza, mwenye kuhitaji somo hili ni nani? Nenda kwa wakala wa pesa jioni, huku Mwendakulima. Mzee mzima anakabidhi simu dirishani na kupaza sauti: "Nitolee elfu ishirini, namba ya siri ni mwaka niliozaliwa!" Foleni yote inaanza kumkadiria umri. Na ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ukiingia, anayetuma ni mtu mzima mwenye madeni. Mtoto atatuma nini?

Kulinda mali si jambo geni huku kwetu, jirani na mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Tangu mgodi ulipoanza kuzalisha 2009 hadi uchenjuaji ulipokoma 2021, dhahabu ile ilikuwa na uzio na walinzi. Pesa ya simu tumeiachia mwaka wa kuzaliwa.

Serikali nayo haijakaa kimya. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na namba ya tapeli unairipoti kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040. Lakini sheria gani itamwokoa anayetangaza siri yake mwenyewe mbele ya foleni?

Walimu, wapeni watoto hiyo kompyuta waishike. Na kikao kijacho cha wazazi, kabla hamjafika kwenye michango ya chakula, tufundisheni sisi kwanza. Nawe msomaji, kama namba yako ya siri inaanza na 19, ibadili leo. Na ukishaibadili, usimpigie jirani kumweleza.