Baba Mmoja, Mama Mmoja, Majina Matano

Wanaosema kuhamia Kanada ni suala la pesa hawajawahi kujaza fomu wakiwa na familia ya Kiganda. Pesa unaweza kukopa. Jina la ukoo la kufanana utalikopa kwa nani?

Nyumbani kwetu Ntinda tuko watano: mimi, mama watoto, mapacha Wasswa na Kato, na mdogo wao Kizza. Kwenye pasipoti kila mmoja ana jina lake la ukoo. Mgeni akizipanga mezani atadhani sisi ni abiria wa teksi moja, tumekutana Old Taxi Park.

Kwa Muganda yeyote majina haya hayahitaji wakili. Wasswa ni pacha wa kiume aliyetangulia, Kato akamfuata, na Kizza ndiye anayezaliwa baada ya mapacha. Ukiyasikia pamoja unajua tumbo ni moja, na hata foleni ilivyokwenda. Fomu, kwa akili zake za Ottawa, inaona ushahidi kwamba watoto hawa hawajuani.

Kuhusu mke wangu ndiyo usiseme. Eti mbona hatumii jina langu? Mimi ni wa Ngabi, yeye ni wa Nkima, na kila ukoo una majina yake. Buganda huoi ndani ya ukoo wako. Angekuwa na jina la kwetu, wazee wangenitimua siku ya kwanjula kwa kosa la kuja kumposa dada yangu. Kumbe kinachoihalalisha ndoa yetu ndicho hichohicho kinachoitia shaka.

Siku ya kupeleka karatasi, karani alifungua faili, akasoma majina ya watoto, akacheka mpaka magego yakaonekana. "Oo, Ssalongo! Hongera. Nnalongo hajambo?" Nikajua mambo yameiva. Mtu akishakuita baba mapacha kabla hujafungua mdomo, kimebaki nini tena? Akafunua kurasa mbili tatu, kicheko kikakauka.

"Ssalongo, hapa sioni uthibitisho kwamba hawa mapacha ni ndugu."

Nikamwonyesha vyeti vya kuzaliwa: tarehe moja, hospitali moja, mama mmoja. Akaweka kidole kwenye jina la baba. Kwenye cheti jina linaanza na S moja, kwenye kitambulisho changu cha taifa zipo mbili. Basi wa S moja ndiye baba yao. Mimi wa S mbili ni nani, mpangaji?

Ushauri haukosekani, mjini kila mtu ni mtaalamu. Leta barua ya mwenyekiti wa LC1, na muhuri usisahau. Kaape mbele ya kamishna wa viapo. Nenda NIRA wasahihishe vyeti. Wengine wanasema tubadili, wote tuwe na jina moja. Lakini kwa Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 mtu mzima hutangaza kwanza kwenye Gazeti la Serikali, na mama watoto ameshauliza, kwa upole wa kutisha, kwa nini jina hilo moja lisiwe la kwao. Shemeji ananisukuma Wandegeya, kwenye maabara ya serikali, tukapime DNA. Wanaume wa mji huu huenda huko na wasiwasi wao. Mimi nilipie wa mtu wa Kanada! Na wapo vijana wa Nasser Road ambao wangenichapia familia ya jina moja kabla chai haijapoa, na babu wa nyongeza.

Nikaendelea na fomu. Swali likauliza majina mengine ninayojulikana nayo. Tangu mapacha wazaliwe mtaa mzima unaniita Ssalongo. Muuza rolex wa pale kona hajui kama nina jina jingine. Nikaandika Ssalongo, ukweli mtupu, chini ya onyo lao kali kuhusu uongo.

Sasa wanataka kiapo kwamba mimi na huyo Ssalongo ni mtu mmoja.