Kofia za Msimu

Msimu wa kura ukiwadia, Mji wa Kale hujaa waheshimiwa wenye kofia za kuazima. Hunywa kahawa chungu kwa kujikaza, wakasifu kila kitu, hata mitaro iliyoziba. Maa shaa Allah!

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui hakujaliwa ufundi huo. Alitoa gazeti la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akiwakemea Waislamu wenzake, majirani zake hasa, kwa kuiga Wazungu kibubusa. Kwa udiwani wa leo angeambulia kura ya mkewe, labda. Mwaka 1937 aliteuliwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akabaki hadi kufa kwake 1947.

Waheshimiwa, hebu mmoja wenu atukaripie kabla ya uchaguzi, tumwone.