Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mmiliki wa Batman

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Studio,
Burbank, California.

YAH: OMBI LA UKURASA MMOJA TU

Shikamoo Mheshimiwa.

Naomba uhusike na kichwa cha habari hapo juu. Sikukutaja kwa jina, si kwa utovu wa adabu, bali kwa kuwa kiti chako hakikawii kupata mwenyewe mpya: mwaka 2018 kilikuwa cha AT&T, mwaka 2022 kikaangukia kwa Discovery, na barua za watu wadogo husafiri polepole. Yeyote utakayekuwa umekikalia siku itakapokufikia, pokea heshima zangu zote, na uniwie radhi kwa kukukatiza hesabu za mapato.

Nakuja kwa niaba ya watu wanaomwazima Batman wako bila kupiga hodi. Unawafahamu. Wengi ni watu wazima wenye ajira zao, ila ikifika wikiendi wanashona joho, wanaomba ruhusa ya kupiga picha kwenye maegesho ya magari, kisha wanatoa filamu fupi na kuigawa bure. Mwizi wa namna hii, Mheshimiwa, anayeiba kwa gharama zake mwenyewe, ni nadra kumpata.

Mkumbuke Sandy Collora. Mwaka 2003 alionyesha Batman: Dead End kwenye Comic-Con ya San Diego: dakika nane hivi, kwa gharama ya dola zipatazo 30,000. Kichochoro, usiku, mvua. Joker katoroka hospitali ya wendawazimu ya Arkham, Batman anamtia mkononi, mara Joker ananyakuliwa juu gizani na lile dude la filamu za Alien, na Predator naye huyo anajitokeza. Yaani bwana huyu aliazima kwako na kwa jirani yako Fox kwa mkupuo mmoja. Lakini nakusihi utazame vazi. Ni kitambaa cha kijivu kilichombana mwilini, na chupi nyeusi juu ya suruali, vilevile kama kwenye kitabu cha katuni. Ninyi, kwa hekima yenu, tangu 1989 mlikuwa mmemvika stelingi mpira mgumu, hata akitaka kuangalia kando ageuke mwili mzima kama mwenye jipu la shingo. Zile chuchu za mpira za mwaka 1997 sitazitaja. Barua hii huenda ikasomwa na watoto. Baada ya hapo mlimfungia stoo miaka kadhaa, na aliyemtoa nje apate hewa ni huyo asiye na kibali.

Hamkumfanya lolote, nami nashukuru. Ila hamkumruhusu pia, na hapo ndipo penye ombi langu. Tangu siku hizo wapenzi wako wanaishi kwa kubahatisha: leo umenyamaza, kesho filamu imeondolewa, na hakuna ajuaye kosa lilikuwa urefu, fedha au kupendwa mno. Najua sheria ya Marekani inamruhusu mtu kutumia kazi ya mwenzake kwa kiasi cha haki. Tatizo ni kwamba ili ujue kama ulikuwa na haki hiyo, kwanza ushtakiwe, na wakili wa kukutetea halipwi kwa makofi ya mashabiki.

Majirani zako wameshayapitia. Mwaka 2015 Joseph Kahn alipotoa Power/Rangers, filamu fupi isiyo na kibali, wenye mali waliiondoa mtandaoni, kisha baada ya siku chache ikarudi ikiwa na tangazo kwamba haihusiani nao. Kumbe sentensi moja ingetosha tangu mwanzo. Desemba mwaka huohuo CBS na Paramount waliwashtaki watengenezaji wa Axanar, filamu ya mashabiki wa Star Trek iliyokuwa imechangiwa zaidi ya dola milioni moja. Katikati ya kesi, Juni 2016, wakatoa masharti: dakika 15, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30, michango isizidi dola 50,000, asilipwe mtu, na ukitumia sare zinazouzwa madukani, ziwe halisi, si za magendo. Masharti makali, na hilo la sare linanichekesha kila nikilisoma. Lakini yameandikwa. Mtu anayasoma, anakunja uso, anawasha kamera.

Niruhusu pia nikukumbushe, kwa unyenyekevu, ukoo wa mali yako. Mwaka 1933 Jerry Siegel, mwanafunzi wa sekondari huko Cleveland, alikuwa na kijigazeti chake cha wapenzi wa hadithi za kisayansi. Humo ndimo alimoandika Superman wake wa kwanza, ambaye bahati mbaya alikuwa mtu mwovu, na rafiki yake Joe Shuster akachora. Superman mwema watangulizi wako walimnunua mwaka 1938, yeye na haki zake zote, kwa dola 130. Hongereni kwa bei. Hadithi ya kwanza ya Batman, ya 1939, mwandishi wake Bill Finger alikiri aliichota kwa The Shadow, shujaa wa hadithi za magazeti ya bei nafuu, na sura ya Joker inafanana mno na ya mwigizaji Conrad Veidt katika filamu ya 1928. Sikutumwa na The Shadow kudai chochote. Nasema tu kwamba nyumba yako ilijengwa na mashabiki.

Basi naomba ukurasa mmoja: filamu iwe na dakika ngapi, ichangiwe kiasi gani, tangazo lisomekeje, na ahadi yako kwamba atakayefuata hayo hataamka akute kazi yake imefutwa. Ukiona ni mzigo mzito, tutasubiri. Superman wa 1938 anakuwa mali ya umma huko kwenu Januari 1, 2034, na Batman anamfuata mwaka mmoja baadaye. Hapo hatutahitaji tena kukusumbua.

Wako mtiifu,
Mtazamaji asiye na kamera

Nakala: Wanasheria wako (kwa taarifa tu, tafadhali, si kwa utekelezaji)