Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora Kuhusu Maua Yanayotoroka Bustanini

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Enzi za watemi wa Unyanyembe mtu wa kawaida hakufungua kinywa mbele ya mkubwa kabla ya kupiga magoti na kupiga makofi. Barua haina namna ya kufanya hivyo, kwa hiyo naomba maneno haya yapokelewe kana kwamba yametanguliwa na vyote viwili. Najua mezani kwako kuna tumbaku, pembejeo, maji, madarasa na reli mpya, na kila moja lina haki ya kutangulia. Uniwie radhi basi nikikuomba dakika chache kwa jambo linaloonekana dogo: maua.

Mimi ni mkazi wa Goweko, wilayani Uyui, nami ni mfugaji wa nyuki. Ninaloleta kwako, Mheshimiwa, ni ombi kuhusu mimea tunayoipanda kwa kupenda uzuri wake, kisha ikatoka uani na kwenda kuishi porini bila ruhusa ya mtu. Wa kwanza kwenye orodha yangu ni lantana.

Ikikupendeza, agiza uletewe tawi lake, ulishike kwa uangalifu. Shina lina pembe nne na vimiba vidogo. Ukifikicha jani, harufu yake kali inabaki vidoleni. Kishada kimoja kina maua ya manjano katikati na ya waridi pembeni, kwa kuwa ua hubadilika rangi kadiri linavyokua, na hapo ndipo macho ya wengi yanaponaswa. Baada ya maua huja vitunda vya kijani vinavyoiva kuwa vyeusi. Ndege huvipenda sana. Hula uani kwa mtu, huruka hadi juu ya mtundu au mninga mbali na kijiji, na mbegu hudondoka pale chini pamoja na kinyesi chake.

Nyumbani lantana hupogolewa, ikaonekana ua nadhifu. Porini hakuna wa kuipogoa, nayo inakuwa kichaka kinachompita mtu kwa urefu. Moto wa kiangazi ukipita, inachipua upya kutoka kwenye kisiki, huku miche mingi michanga ya miti yetu ikiwa imekwisha kufa. Ng'ombe akila majani yake kwa wingi, ini linaharibika, na sehemu za ngozi yake zilizo nyeupe zinaungua na jua. Na watafiti wa Afrika Mashariki wameandika kwamba vichaka vya lantana huwapa mbung'o kivuli cha kujificha. Mkoa huu, Mheshimiwa, hauhitaji kufundishwa mbung'o ni nini. Wazee wetu walihamishwa vijiji vizima enzi za Mwingereza kwa ajili ya malale.

Wapo wafugaji nyuki wenzangu watakaoitetea, nami nawaheshimu: ni kweli nyuki huyatembelea maua yake. Lakini asali iliyoipa Tabora jina inatoka kwenye miombo, na miombo haiwezi kujirithi yenyewe ikiwa miche yake inakua gizani chini ya lantana. Hata magome tunayotengenezea mizinga ni ya miti hiyo hiyo.

Tafadhali nisieleweke kwamba nauchukia mmea kwa sababu umetoka ugenini. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita ukanda huu wetu, na mbegu zilipita pamoja na watu. Miembe inayoipa Tabora sifa asili yake ni Bara Hindi. Imekaa nasi vizazi na vizazi, tunakula matunda yake na kupumzika kivulini, nayo haijaumeza msitu. Swali ninalokuomba tulibebe pamoja si mmea umetoka wapi. Ni hili: tukiacha kuutunza, utafanya nini?

Jibu moja lipo huku huku magharibi, kusini mwa mwisho wa reli, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye Milima ya Mahale. Miaka ya 1960 ulipandwa huko mti wa pambo kutoka Amerika ya kitropiki, jamii ya mjohoro, wenye maua mengi ya manjano. Wataalamu wanauita Senna spectabilis. Wakazi wakaondoka, mti ukabaki. Mahale ilipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985, mti ulikuwa umekwisha kuanza kushika mashamba ya zamani, ukaendelea kusogea katika makazi ya sokwe. Ukiukata, unachipua. Ilibidi watu wa hifadhi wamenye gome kuzunguka shina, mti mmoja baada ya mwingine, mpaka ukauke umesimama. Fikiria gharama ya kazi hiyo, Mheshimiwa, kwa kitu kilichoanza kama pambo.

Jirani zetu wa Baringo, Kenya, waliletewa mti wa mathenge miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Baadaye wananchi waliishtaki serikali yao, wakampeleka mahakamani mbuzi asiye na meno, aliyeharibiwa na maganda matamu ya mti huo. Na magugumaji yaliyofunga ghuba za Ziwa Victoria miaka ya 1990 yalisafirishwa duniani kwa ajili ya ua lake la zambarau.

Nayaleta haya kwako kwa sababu kila halmashauri imeelekezwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Ni agizo jema na ninaliunga mkono kwa moyo wote, hasa katika mkoa unaochoma kuni nyingi kukausha tumbaku. Lakini miche milioni 1.5 ya mmea usiofaa ni jambo ambalo wajukuu wetu hawataweza kulirudisha nyuma. Serikali yenyewe imeliona, ikaandaa mkakati wa taifa wa kudhibiti viumbe vamizi wa 2019 hadi 2029.

Kwa unyenyekevu mkubwa, basi, nakuomba uwaite pamoja Chuo cha Nyuki kilichopo mjini kwako, watafiti wa misitu na wenzetu wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), wakupatie orodha fupi ya mimea isiyopaswa kuoteshwa kwenye vitalu vya mkoa, lantana ikiwa ya kwanza. Orodha ibandikwe pale miche inapouzwa na kugawiwa. Lantana iliyo kwenye nyua za shule, zahanati na stesheni ing'olewe na mizizi mvua zikilainisha udongo, kabla haijazaa. Mahali pake tunayo minyaa, ambayo babu zetu waliipanda kuzungushia maboma. Utomvu wake unaumiza macho, na watoto lazima waonywe, ila yenyewe haikimbii ilipopandwa.

Naomba pia, ikikupendeza, agizo hilo litoke mapema. Wenye vitalu huanza kujaza viriba udongo katikati ya kiangazi, na mvua za Novemba zikifika, miche iliyomo ndiyo itakayopandwa.



Ni mimi mtiifu wako,
Mfugaji nyuki, Goweko, Uyui